Kanzu ya Inchi Arubaini

Kasha la Bibi lilifunguliwa Ijumaa moja baada ya khitma yake, sisi wajukuu tumelizunguka kama watu wanaosubiri sinia la biriani. Nnasema kasha, lakini lile lilikuwa ghala. Ungeweza kumlaza ng'ombe humo ndani na bado ukapata pahala pa kuweka mito. Zilitoka kanga ambazo hazijapata kukatwa wala kupindwa, chupa za mafuta ya udi yaliyokauka, kofia za viua zilizofika nusu, na chini kabisa furushi lililofungwa kwa shuka nyeupe. Dada yangu Raya alilipapasa, akanisukumia. "Hili lako," akasema. "Aliniambia, vingine mgawane mtakavyo, lakini cha chini ni cha mke mwenzangu." Mke mwenza ni mimi. Kwetu babu humwita mjukuu wake wa kike mke wake, na bibi hana budi kuucheza mchezo huo huo, na katika nyumba yetu mchezo ule uliniangukia mimi kwa sababu nilikuwa wa mwisho kuolewa na wa kwanza kusema. Nililichukua furushi nikenda nalo kwangu, nikaliweka juu ya kabati, na likakaa huko siku nane bila ya kufunguliwa. Kwa mkono tu nilikwishajua kuwa ndani mna nguo za Babu. Na kabla sijaeleza nilichokikuta, itabidi niueleze mwaka ule wa harusi ya Raya, mwaka niliopima wazee wanne wa nyumba moja na nikaandika uongo kwa mmoja wao.

Ilikuwa miaka ya tisini imeshaanza kuchoka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na maisha ya zamu mbili. Mchana napokea simu katika ofisi moja Azaiba, humu humu Maskati. Jioni, siku nne za wiki, nasoma skuli ya watu wazima karibu na kwetu Al Khoudh, mimi pamoja na akina mama wenye wajukuu, tumekalia viti vya watoto magoti yakigusa kidevu. Nilianza masomo yale nikiwa mjinga wa kupigiwa mfano, nikayamaliza, kwa maelezo yangu mwenyewe, nikiwa mwanachuoni mkubwa kuliko wote kutoka Maskati mpaka Sohar. Mwaka wa harusi nilikuwa bado sijamaliza, lakini nilikuwa nimeshafika kwenye sehemu na desimali, na hilo nyumbani likatosha kunipa cheo. Mafundi cherehani wote tuliowajua walikuwa wanaume, na mwanamke wa heshima hapimwi dukani. Hupimwa nyumbani na msichana anayejua kusoma tepu, vipimo vikaandikwa daftarini, na daftari likaenda kwa fundi. Daftari lilikuwa langu la hesabu. Mbele mna mazoezi ya skuli yenye alama nyekundu, nyuma mna mabega, vifua na viuno vya wazee wangu. Kila nikitoka kazini nilivuka barabara, nikaingia kwa Fundi Basheer na lile daftari kwapani, najiona kama balozi.

Mama alikuwa ametoa amri: wazazi na mababu wa pande zote mbili wavae vipya, na rangi zisigongane. Amri hii iliifanya simu ya nyumbani iwe na moto kama pasi. Mama yake bwana harusi alikuwa Bi Thuraya, mwanamke mpole mwenye sauti ya asali, na wao wawili walipigiana kila siku wakijidai kuulizana hali. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi na daftari langu nikisikiliza. "Mimi? Mimi n'tavaa chochote tu, Bi Thuraya, hata kanga," Mama alisema, na mbele yake vimetandazwa vitambaa kumi na saba. Kisha akafunika simu kwa kiganja akaninong'oneza: "Kasema zambarau. Muongo. Mtu akikwambia zambarau mapema hivi, keshanunua kijani." Alinituma madukani, akanirudisha, akanituma tena. Nikipiga hesabu ya vitambaa alivyovipapasa Mama mwaka ule, vingetosha kuifunika milima yote ya Maskati na kinachobaki tukatengeneza mapazia. Mwisho alichagua rangi ya dhahabu iliyoiva, yenye zari mikononi na kwenye pindo la surwali. Baba alipimwa kwa dakika mbili, amesimama akisoma gazeti, na hakuuliza hata rangi ya kilemba.

Bibi ndiye aliyetushangaza. Mama alimletea kitambaa cha atlasi ya buluu inayong'ara kama maji ya birika la fedha. Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, sindano mkononi, kwa sababu Bibi hakupata kuonekana bila ya sindano; kofia za wanaume wa ukoo mzima zilitoka kwenye vidole vile. Akaigusa atlasi, akairudisha. Kutoka chini ya rundo akavuta kitambaa cha pamba, rangi ya majani makavu, hakina ua, hakina uzi wa kung'aa, hakina lolote.

"Hiki," akasema.

"Mama, hicho cha kwendea sokoni," Mama akalia. "Bibi wa bi harusi uvae hicho, watu watasema tumekunyima."

"Watu walisema nikiwa kijana na nna meno yote. Sasa watanipata wapi?" Akatia uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu, bila ya kukosea, kama kawaida yake. "Mimi nnataka nguo itakayonifaa na baadaye."

"Baadaye wapi?"

Bibi alivuta uzi mpaka ukakaza. Alikata uzi kwa meno akaendelea na kofia yake. Mama alikasirika siku tatu, na mimi nikaandika daftarini: Bibi, pamba, majani makavu, bila zari. Niliona ni ubahili wa kizee na nikacheka.

Babu nilimpima wa mwisho. Chumba chake kilikuwa cha chini, dirisha linatazama lango, na kilinukia mafuta ya karafuu aliyojisugua magoti. Alisimama katikati ya jamvi akanyoosha mikono kama mtu anayepekuliwa. "Haya, mke mdogo," akasema. "Usinikabe, nishakabwa na mkubwa miaka hamsini." Nikamzungushia tepu. "Kifua arubaini," nikasoma. "Andika arubaini na mbili," akasema, "siku ile n'takuwa nimevuta pumzi." Niliandika arubaini. Urefu, bega, mkono, ukosi, kishada cha shingoni kinachochovywa kwenye manukato. Kisha akanionyesha jambia lake, limo ndani ya soksi ya sufu juu ya kabati, pamoja na mkanda wake mzito wa fedha. Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Aliwaoza wanawe watatu wa kiume, na mara zote tatu shughuli ilikuwa kwenye nyumba za watu, kwa hisani ya watu, naye amesimama mlangoni kama mgeni kwenye furaha yake mwenyewe. "Safari hii lango langu," akasema. "Ukoo wa bwana harusi ukija, n'nawapokea mimi, pale, nimefunga jambia. Hilo tu. Mengine pangeni nyinyi."

Chakula cha mchana, siku nisizokwenda kazini, tulikula sote kwenye sinia moja, wali na papa au nguru, limau na pilipili ya kusaga pembeni. Babu alikuwa anakaa karibu na mlango, Bibi ubavuni pake. Miezi ile Bibi alipata tabia ya kuchota wali upande wa Babu. Mkono wake ulivuka mpaka bila ya haya, ukachimba shimo kubwa mbele ya mumewe, ukamwachia ukuta mdogo wa wali pembeni. Sisi tulimcheka. "Bibi, ule upande wako una nini?" Raya alimuuliza siku moja. "Upande wa mume mtamu," Bibi akajibu, akatafuna polepole kama mtu anayekunywa dawa. Babu alitabasamu akalamba vidole vyake viwili, na aliponyanyuka, mbele yake palikuwa pamechimbwa vizuri kama pa mtu aliyekula akashiba. Bibi mwaka ule alinenepa mpaka bangili zikamkataa. Mimi, mwanafunzi wa desimali, sikuona hesabu yoyote pale.

Fundi Basheer alikuwa Mhindi wa Malabari, Kiswahili chake amekiokota kwa wateja, na alikuwa na hofu moja tu duniani, nayo ni kukosea kukata. Alipoletewa kitambaa cheupe cha Kijapani alichokinunua Baba kwa ajili ya Babu, alikipapasa akatikisa kichwa. "Dada, hii nguo ghali. Rudi pima tena mzee. Miezi miwili imepita. Mimi nakata mara moja, hakuna kushona mkasi." Akanieleza mambo ya kazi yake: kifua cha mtu anakiongezea inchi nne, za kupumulia. Bila ya inchi nne mtu hawezi kusali wala kucheka. Kwa hivyo lazima cha mwilini kiwe sawasawa. Nikarudi nyumbani nikifikiri huyu ananisumbua bure.

Babu alikuwa amekaa kitandani baada ya sala ya alasiri. Alisimama kwa kushika ukuta. Nikazungusha tepu, nikasoma, nikaikung'uta, nikasoma tena. Thelathini na sita na nusu.

"Babu, inchi tatu na nusu zimekwenda wapi?"

"Zimetangulia," akasema.

Nilicheka kwanza, kwa sababu kwa Babu huanza kwa kucheka. Yeye hakucheka. Alikaa, akaniashiria nifunge mlango. Akasema siku tuliyokwenda sote kununua viatu vya harusi, yeye aliita teksi akenda kwa daktari peke yake, na daktari alimwambia bila ya kuzunguka. Limo tumboni, halitoki. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya samaki. Mimi nilikuwa nimeushika ule utepe kwa mikono miwili na sijui niuweke wapi.

"Sasa sikiliza, mke mdogo. Wakijua watanilaza. Ami yako Khalfan hatosubiri hata n'nywe chai. Na mimi nikilazwa, sitoki. Nnataka mambo mawili. Nisimame langoni pale siku ya Raya, na nife kwenye godoro hili. La kwanza likishapita, la pili n'tawaambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, tukubaliane kama watu wazima."

"Na Bibi?"

"Bibi yako ana moyo wa karatasi. Huyo ndiye asijue kabisa."

"Niape?"

"Uape kwa nini, we si mke wangu?"

Basi nilitoka pale nimebeba siri nzito kama gunia la tende. Kila nikikaa kwenye sinia nilihisi itaniponyoka mdomoni. Na hapa ndipo nilipofanya ule upumbavu ambao skuli ya jioni haikunifundisha kuuepuka. Fundi aliandika vipimo kwenye kikaratasi na kukibana kwenye nguo, na Baba, ambaye rangi hazikumshughulisha, karatasi zilimshughulisha sana; alikisoma kila kikaratasi kama hati ya kiwanja. Cha kwanza alikiona, kimesema arubaini. Akikiona cha pili kinasema thelathini na sita na nusu, ataniuliza. Tena nikajiambia, na nakumbuka niliposimama nikijiambia, kwenye kivuli cha duka pale Azaiba, kwamba nguo pana humficha mtu. Mtu mwembamba ndani ya nguo kubwa ataonekana mkubwa. Nilijiona mwerevu kweli kweli.

"Mzee sawa? Kifua ileile?" akauliza Fundi Basheer.

"Ileile. Arubaini."

"Mashaallah. Mzee kama simba." Akakata. Mkasi ule nausikia mpaka leo.

Kanzu ilikuja wiki moja kabla ya harusi. Babu aliivaa mlango umefungwa, mabega yakashuka kwenye mikono, ubavuni pakabaki pahala pa mtu wa pili. "Nimeingia hemani," akasema. Tulicheka wote wawili mpaka akakohoa, na alivyokohoa nikaona jinsi nguo ilivyotikisika na mwili hauonekani ulipo. Nilimpima mara ya tatu. Thelathini na tatu. Sikuiandika kwa fundi. Niliiandika kwenye daftari kwa mazoea ya mkono, kisha nikaichana karatasi ile vipande vidogo vidogo, na kama ningekuwa na chai ningeimeza. Ningeweza kurudi kwa Fundi Basheer siku ile ile nikamwambia apunguze. Sikurudi. Ningelazimika kusema kwamba nilimdanganya, na yule mtu alikuwa akinisifu mbele ya wateja wake kwamba hajapata kuona daftari la vipimo lililo safi kama langu.

Jioni ya siku hiyo Bibi alinikuta chumba cha pasi. Alikuwa na sindano imechomekwa kwenye mkono wa nguo, uzi mweupe unaning'inia.

"Mke mwenzangu," akasema, "nipe hiyo kanzu ya mume wetu niitazame mishono. Mafundi wa siku hizi wanashona kama wanakimbizwa."

"Nimeshaipiga pasi, Bibi. Imo kabatini. Ukiigusa itakunjika."

"Nipe mpaka kesho tu. N'taipiga pasi mwenyewe."

"Bibi, tafadhali. Mambo ya nguo niachie mimi."

Akauzungusha ule uzi mweupe kidoleni. Nilidhani amekasirika kwa kuwa nimemkatalia mtu mzima. "Haya," akasema. "Funga kabati vizuri." Akageuka, na nikamsikia anapanda ngazi moja moja, akipumzika kila baada ya mbili. Nilifunga kabati kwa ufunguo na ufunguo nikauvaa shingoni, nimefurahi kwamba nimemlinda mwenye moyo wa karatasi.

Siku ya harusi nilimvisha Babu mimi mwenyewe. Bibi alikuwa juu na Raya na wanawake wote, ndani ya kanzu yake ya majani makavu, na Mama ananong'ona kila kona kwamba ameichagua mwenyewe. Mkanda wa jambia niliubana mpaka tundu la mwisho na bado ulizunguka kama pete kwenye kidole cha mtoto. Nikachukua kanga ya Bibi iliyokuwa juu ya kitanda, nikaikunja mara nne, nikamzungushia Babu kiunoni chini ya kanzu, nikafunga mkanda juu yake. Ukashika. Nikamfunga kilemba cha Kashmir, nikachovya kishada kwenye manukato, nikasogea nyuma nimtazame. Nilimwambia anapendeza kuliko bwana harusi. "Hilo si kazi," akasema, "yule kijana ana masikio makubwa." Akanishika mkono mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni akenda peke yake, hatua fupi fupi, mpaka langoni kwake.

Mimi nikakimbilia dirisha la juu, nyuma ya pazia, pamoja na wanawake wengine. Magari yalipanga foleni mpaka kwenye mzunguko; kwa macho yangu siku ile yalikuwa mia tano, labda yalikuwa thelathini. Ukoo wa bwana harusi ukateremka, wazee mbele, majoho meusi yenye zari. Baba na ami zangu walikuwa wamejipanga, na kichwani mwa mstari Babu, amesimama wima. Nilimwona anavuta pumzi, kama alivyosema. Babu yake bwana harusi, mzee mfupi kutoka bara, ndani huko nyuma ya milima ya Maskati, mtu wa Kiarabu tu, asiyejua Kiswahili hata neno, akamjia mikono imefunguliwa, na Babu naye akanyanyua mikono yake miwili kumpokea.

Kanga ndiyo iliyotoka kwanza. Ilijikunjua ndani ya kanzu, ikaanguka baina ya miguu yake, nyekundu, kanga ya mwanamke, juu ya mazulia mbele ya wanaume wote. Kisha mkanda ukashuka, ukapita nyonga kama hakuna nyonga, na jambia likagonga chini. Kanzu ilipokosa cha kuishika ikatanuka pembeni na upepo ukaingia, na hapo kila mtu uani akaona kwamba ndani ya ile nguo hamna mtu, mna fimbo na kilemba juu yake.  Mama pembeni yangu akasema, taratibu kabisa, "Baba ana nini?" 

Yule mzee wa bara aliinama. Magoti yalimuuma, ilionekana kutoka juu. Akaiokota kanga kwanza, akaitia ndani ya joho lake, kwapani, haraka kama mtu anayeficha cha kwake. Kisha akaokota jambia, akalifuta vumbi kwa mkono wake, akampa Babu kwa mikono miwili. Wakaamkiana kana kwamba sasa ndiyo wanaonana. Mkanda haukuweza kufungika tena. Babu aliwapokea wageni wote waliobaki, na akakaa kwenye nikaha mwanzo mpaka mwisho, jambia amelishika mkononi, kama mtu aliyeokota kitu njiani na anamsubiri mwenyewe aje kukidai.

Asubuhi yake Ami Khalfan alikuja na gari. Hapakuwa na kukubaliana kama watu wazima. Hakuna aliyempigia kelele Babu na hakuna aliyemsikiliza, kila alipofungua mdomo kusema lile jambo lake la pili, mtu alimwambia, "Upone kwanza, Baba, halafu utasema." Hawakufanya ubaya. Waliona kwa macho yao baba yao amekwisha ndani ya nguo, wakaogopa, na mtu aliyeogopa humkimbiza mgonjwa hospitali. Bibi alimfungia kikapu cha nguo za nyumbani. Mimi nilisimama dirishani mwa gari. Nilitaka kumwomba radhi, lakini Baba yupo, Ami yupo. Babu alinitazama akasema, "Mke mdogo, ile tepu yako mbovu." Akatabasamu. Gari likatoka kwenye lango lake na hakurudi nalo. Alikufa wodini siku ya kumi na tisa, kwenye kitanda cha chuma, shuka ina muhuri. Madaktari walifanya yao. Godoro lake lilikuwa chini, chumbani kwake, limetandikwa.

Bibi alikaa eda miezi minne na siku kumi katika chumba kile cha chini. Mwanamke wa eda hajipambi, havai cha kung'ara, na Mama alipoanza kutafuta ni nguo gani za kumvalisha, Bibi alikuwa tayari amevaa: kanzu yake ya harusi, pamba, majani makavu, bila zari. Aliivaa, ikafuliwa, akaivaa. Mama alikaa kwenye ngazi, pahala pangu, akalia kwa muda mrefu na sikujua kwa nini kanzu ile imlize zaidi ya jeneza. Katika siku hizo pia ililetwa kanga nyekundu kutoka kwa ukoo wa bwana harusi, imefuliwa, imefukizwa udi, imekunjwa mara nne. Bibi aliipokea, akainusa, akaiweka chini ya mto. Mimi nilikuwa nampelekea chakula kabla ya kwenda skuli. Nilikuwa nakaa mbele yake na sentensi nzima imo kinywani, Bibi, mimi nilijua, mimi ndiye niliyeandika arubaini, na kila siku nilikwenda nayo darasani. Mapajani mwake siku zote palikuwa na kitu cheupe na sindano.

"Unashona kofia ya nani, Bibi?"

"Kula basi na wewe," alisema. "Umekonda."

Nikamaliza skuli. Nikapewa cheti, Mama akakitia kwenye fremu kubwa kama mlango. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo na mimi sikumwambia, kwa sababu ya ule moyo wa karatasi. Kila Idi aliniita mke mwenzangu na kila Idi nilimbusu mkono nikatoka.

Siku ya tisa nililiteremsha furushi. Ndani mlikuwa na kanzu nne. Tatu zilikuwa zile za nyumbani za Babu, zilizochakaa ukosi. Nilizigeuza ndani nje kutafuta doa, kwa mazoea ya kufua, nikaona mbavuni mishono ambayo haikuwa ya cherehani. Mistari minne kila upande, midogo midogo, ya mtu anayeshona viua vya kofia, mmoja ndani ya mwingine, baina yao nusu ya upana wa kidole. Nguo hazikukatwa, zilikunjwa tu ndani na kushonwa, zikakunjwa tena na kushonwa tena, kila ziliporudi kutoka kwenye kamba. Nikakumbuka kwamba mwaka ule wote, pale nyumbani, sikupata kumwona Babu amevaa nguo iliyompwaya. Nikakumbuka wali. 

Ya nne ilikuwa nyeupe ya Kijapani, ile niliyomnyima Bibi chumba cha pasi. Kishada cha shingoni kilikuwa bado kinanukia, au pua yangu ilitaka kinukie. Nayo ilikuwa imepunguzwa, mabega, mikono, mbavu zote mbili, kazi safi kuliko ya fundi yeyote wa Azaiba, na sindano imechomekwa ndani ya ukosi, imeshika kutu, ina kipande cha uzi. Tepu yangu ya zamani ninayo mpaka leo, kwenye droo ya jikoni. Niliitandaza kanzu juu ya meza, nikapima kifua kutoka kwapa mpaka kwapa, nikazidisha kwa mbili. Thelathini na saba. Nikatoa nne, zile ambazo fundi humwachia mtu za kupumulia, na nikabaki na nambari niliyoichana vipande vidogo vidogo, ambayo sikumwonyesha mtu.